Safu ya Lugha: Kibuti

Vijana wa kijiweni hapa Chang'ombe, Dodoma, wakitongoza wakaambiwa hapana, husema wamepigwa kibuti. Si sahihi. Kibuti kimetokana na buti, kiatu kizito ambacho jina lake tulilipokea kutoka Kiingereza, na hupigwa kibuti mtu aliyekuwa ndani ya penzi akafukuzwa. Ambaye hakuwahi kukubaliwa amekataliwa. Anayempenda mtu kimyakimya hajafika hata huko. Huyo anamzimikia tu.

Aliyepigwa kibuti anaweza kuuliza kosa lake. Aliyekataliwa hana anachodai, maana hakuahidiwa kitu. Akisema kapigwa kibuti, anamfanya binti wa watu mkosaji bure, na atampigia simu saa sita usiku akitaka maelezo. Mdogo wangu, sema "nimekataliwa", lia ukitaka, kisha futa namba yake.