Ndoo, Injini na Joto la Bahari
Hapa Kibarani, ramani ya joto la bahari naiona kwenye simu. Lakini enzi za babu zetu nani alipima? Mabaharia, kwa ndoo. Maji kwenye ndoo ya turubai yalipoa kwa upepo kabla kipimajoto hakijasomwa. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, kuwasha taa sitahani usiku ni kujianika kwa adui, basi wengi wakapima maji yanayoingia injini, ambayo husomeka moto zaidi. Agosti 1945 meli za Uingereza, zenye ndoo, zikaongezeka; chati ikashuka ghafla kama nyuzi 0.3. Bahari haikupoa. Watafiti walilionyesha hilo 2008. Mimi chati naiuliza kwanza: ulipimwaje? Ila kusema joto ni uongo, hapana. Mwaka 1998 matumbawe ya Malindi na Watamu yaligeuka meupe, mengi yakafa.