Mvuto wa nadhari, na mnaso wake

Wanasaikolojia wana istilahi ya hali ambapo macho na fikra za mtu huelekea upande mmoja wa mambo kuliko mwingine, bila mwenyewe kukusudia. Tafsiri ya Kiswahili inayokuja haraka ni "upendeleo wa umakini". Siipendi. Anayependelea amechagua, na umakini ni sifa: mwanafunzi husifiwa kwa kuwa nao, dereva hulaumiwa kwa kuukosa. Mgonjwa wa sonona akiambiwa umakini wake una upendeleo, atasikia lawama. Mimi huandika "mvuto wa nadhari". Nadhari huvutwa, mwenyewe atake asitake.

Mwaka 2011 Brian Anderson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, waliwapa watu kazi ya kutafuta kwenye kompyuta duara jekundu au la kijani. Rangi moja mara nyingi ililipa senti 5, nyingine senti 1. (Malipo haya siyaiti tuzo wala thawabu: tuzo hutolewa jukwaani na thawabu hutoka kwa Mungu; kwa senti za maabara "faida" inatosha, tena ina mwenzake tayari, hasara.) Kisha malipo yakaondolewa, kazi ikawa kutafuta umbo, rangi ikawa haina kazi tena. Hata hivyo rangi iliyokuwa ikilipa iliendelea kuwavuta watu na kuwachelewesha kujibu. Mwaka 2014 Anderson na wenzake walichunguza jambo hilohilo kwa watu wenye dalili za sonona. Rangi ya faida haikuwavuta.

Hapo katika jaribio hapaulizwi mtu anajisikiaje; hupimwa kasi ya kujibu. Lakini matokeo yanakubaliana na maneno ya wagonjwa wenyewe: "Sina hamu na kitu." Dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, huanza na hilohilo la kukosa hamu au raha; kujisikia mnyonge kunaulizwa katika swali la pili.

Upande wa hasara na huzuni una mwendo wake. Mwenye wasiwasi, jicho lake hurukia upesi kinachotisha. Sonona kwa kawaida haiendi hivyo. Mwaka 2004 Ian Gotlib na wenzake waliwaonyesha watu picha za sura kwa sekunde 1 nzima, na nadhari ya wenye sonona ikaelemea sura zenye huzuni. Picha zikipita haraka mno, mara nyingi tofauti hiyo haionekani. Vifaa vya kufuatilia mwendo wa macho navyo vimeonyesha kwamba wenye sonona hukawia kwenye picha za huzuni na kuzipitia upesi za furaha. Kwa hiyo shida ya upande huu iko zaidi katika kung'anduka kuliko katika kuvutwa. Mama ntilie aliyeuza vizuri kutwa nzima, usiku akabaki akiiwaza ile sahani moja ambayo haikulipwa, angelielewa hili bila maabara.

Ndiyo maana istilahi moja haitoshi. Pamoja na mvuto tunahitaji "mnaso wa nadhari", kwa kuwa ni mambo mawili na pengine yanadai tiba mbili. Watafsiri wa vipeperushi vya afya ya akili, tafadhali yatenganisheni: faida haiivuti nadhari ya mgonjwa, na hasara ikishainasa haiiachii upesi.