Msokotano, si Mtatanisho

Mwezi uliopita nililetewa rasimu ya orodha ya istilahi za fizikia niipitie. Ukurasa wa saba ulikuwa na mistari miwili iliyoninyima usingizi. Mstari wa kwanza uliiita hali ya chembe mbili zinazoshiriki hali moja ya kwantumu "mtatanisho". Wa pili, chini yake, uliiita imani aliyoiweka John Bell kwenye mizani mwaka 1964 "uhalisia wa kienyeji". Niliandika kurasa nne za hoja nikazipeleka kwa kamati iliyoiandaa. Jibu likaja sentensi moja: maoni yamepokelewa. Kwa kuwa yalipokelewa bila kujibiwa, nayaleta hapa, mbele ya wasomaji wanaoijua fizikia na kukipenda Kiswahili, maana neno likishaingia kamusini kulitoa ni kazi ya kizazi kizima.

Nianze na mtatanisho. Asili yake ni tata, yaani uzi uliojiviringa ovyo usijulikane ulipoanzia wala unapoishia. Ukoo wake ni mkubwa: utata, tatizo, tatiza, tatana, tatanisha. Wote wana sura moja, ya jambo lisiloeleweka. Kisha litazameni umbo lenyewe. Ndani yake mna -ish-, kiambishi cha kusababisha. Kinachotatanisha kinamtatanisha mtu. Basi mtatanisho ni hali ya mwanafunzi aliyekaa darasani asielewe. Si hali ya elektroni. Waliopendekeza neno hili wamezibandika chembe jina la kutoelewa kwetu sisi.

Na hapo kosa linatoka kwenye lugha na kuingia kwenye fizikia. Mwaka 1935, miezi michache baada ya makala ya Einstein, Podolsky na Rosen, Erwin Schrödinger aliandika kwamba yawezekana kuijua hali ya mfumo mzima kwa ukamilifu wote, huku hali ya kila sehemu yake isijulikane hivyo. Mfumo wa namna hiyo hauna utata wowote. Kitu kizima kiko wazi kuliko vipande vyake. Kwa Kijerumani aliuita uhusiano huo Verschränkung, kutokana na kitenzi kinachomfaa mtu anayepitanisha mikono kifuani, huu juu, huu chini. Mikono hiyo haikutatizana; imekaa kwa mpangilio. Najua kwamba Schrödinger mwenyewe ndiye aliyetoa pia neno la Kiingereza, entanglement, ambalo kweli linanuka uzi uliovurugika. Kamati ilitafsiri hilo, ikafunga daftari. Laiti ingefungua kamusi ya pili.

Kuna na mwenzetu mmoja, mwandishi hodari wa sayansi, anayeshikilia "upacha wa chembe". Neno hilo ni tamu na watoto hulishika upesi, ndiyo maana linanitisha kuliko mtatanisho. Mapacha hufanana kwa walichokipata tumboni. Mpeleke Kulwa Tanga na Doto Kigoma, kila mmoja atakwenda na sura yake. Hiyo ndiyo imani aliyoipima Bell! Alionyesha kwamba ikiwa kila chembe inabeba majibu yake tangu ilikotoka, na ikiwa linalofanywa upande mmoja haliwezi kuufikia wa pili kwa kasi ipitayo mwanga, basi uhusiano wa vipimo vya pande mbili una mpaka. Katika umbo walilolitoa Clauser, Horne, Shimony na Holt mwaka 1969, mpaka huo ni 2. Nadharia ya kwantumu inaruhusu kufika karibu 2.83. Alain Aspect na wenzake walipima huko Orsay, Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1980, mpaka ukavukwa. Mwaka 2015 huko Delft, Uholanzi, elektroni zilizokuwa umbali wa kilomita 1.3 zilitoa 2.42. Mwaka 2022 Aspect, Clauser na Zeilinger walipewa Tuzo ya Nobel. Anayeiita hali hiyo upacha anawafundisha watoto imani ileile ambayo vipimo vimeikataa.

Neno langu ni msokotano, na nimelitoa pajani mwa bibi yangu. Alikuwa akifukua makumbi yaliyokaa miezi kadhaa kwenye tope la pwani, anayaponda mpaka yawe usumba, kisha anakaa mkekani amenyoosha miguu. Anashika ncha mbili, anazisukuma kwa kiganja juu ya paja, kila moja ikijisokota peke yake. Akiziachia pamoja, zinazungukana zenyewe kwa upande wa kinyume, na hapo ndipo inapozaliwa kamba. Siku moja nilimwomba anipe ncha moja tu katika kamba iliyokwisha. Akaichomoa, akaniwekea kiganjani, ikafumuka palepale.

"Mjukuu wangu, hiyo si nusu ya kamba," aliniambia. "Hayo ni makumbi tu."

Nimesoma maelezo mengi ya makala ya Schrödinger, sijapata yaliyoyashinda hayo. Kamba imekamilika, ncha zake hazina ukamilifu wa peke yake.

Sarufi nayo inashuhudia. Sokota, sokotana, msokotano: kiambishi -an- cha kutendana kinadai wawili. Fizikia yetu imelizoea umbo hili siku nyingi. Sugua imetupa msuguano, vuta imetupa mvutano, na hakuna anayesema msuguano wa kitu kimoja. Kitenzi chenyewe kina uzazi: chembe zimesokotana, mtafiti anazisokotanisha, mazingira yakiziingilia zinasokotoka. Hapa -ish- imepata mahali pake, kwa sababu mtendaji yupo. Kule Delft elektroni zenyewe hazikukutana. Zilizokutanishwa katikati ya njia ni fotoni zilizotoka kwazo, na kwa njia hiyo elektroni zikasokotanishwa. Jaribuni kuyasema hayo kwa mtatanisho.

Nilipolitaja neno hili katika kikao kimoja cha istilahi, niliambiwa kwamba msokoto unakumbusha bangi na maumivu ya tumbo. Nilikaa kimya siku ile, leo najibu. Mvutano wa vyama vya siasa haujamzuia mwanafunzi yeyote kuuelewa mvutano wa dunia. Tena msokoto ni wa kitu kimoja, msokotano ni wa viwili. Asiyeona tofauti hiyo asikae meza ya istilahi. Na wanaopendelea "mfungamano" wafikirie hili: kufunga viwili kunataka kitu cha tatu cha kufungia. Ncha za kamba hazikufungwa na chochote; zimeshikwa na kule kuzungukana kwao.

Nije kwenye uhalisia wa kienyeji. Uhalisia hauna shida, wahakiki wa fasihi wametuzoesha nao. Shida ni kienyeji, kilichotokana na mwenyeji, yaani mwenye mji. Tunasema kuku wa kienyeji na dawa za kienyeji, tukivitenga na vya kigeni au vya kisasa. Bell hakuuliza uhalisia huo ni wa wenyeji gani. Aliuliza kama tukio huathiriwa tu na yale yanayoweza kulifikia pale lilipo. Kiswahili kina ngeli kamili ya mahali, ya pa-, ku- na mu-, na pa- ndiyo ya mahali dhahiri. Kwa hiyo napendekeza uhalisia wa papo. Mpinzani mmoja alidai papo ni ya wakati, akataja maswali ya papo kwa papo bungeni. Lakini wazee waliosema papo kwa papo kamba hukata jiwe walikuwa wameona mfereji kwenye ukingo wa kisima, palepale kamba inapopita kila siku. Neno limebeba mahali na wakati kwa pamoja, na hiyo ndiyo sifa inayolifaa. Tangu Einstein, tukio lina mahali na wakati visivyotengana, na kasi ya mwanga ndiyo inayoamua lipi laweza kuligusa lipi. Lugha chache zimejaliwa neno la herufi nne lenye yote hayo.

Matumizi ni mepesi: vipimo vya msokotano vimeukataa uhalisia wa papo.

Orodha haijachapwa bado. Kamati ina haki ya kulikataa neno langu, na ikilikataa kwa hoja nitanyamaza. Lakini mtatanisho na kienyeji vifutwe kwanza kwenye ukurasa wa saba. Kurasa zangu nne wanazo, wazisome.