Chaguo-msingi na msaada katika mstari wa amri

Chaguo-msingi ni jambo ambalo programu ya mstari wa amri hulifanya pale mtumiaji asipotaja vingine. Msaada ni maelezo mafupi yanayotolewa na programu yenyewe kuhusu namna ya kuitumia.

Desturi hizi zina asili yake katika mfumo wa Unix. Mwongozo wake wa kwanza, ulioandikwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie, ulitoka tarehe 3 Novemba 1971, na hadi leo amri man hufungua kurasa za namna hiyo. Baadaye mradi wa GNU uliweka kanuni kwamba kila programu ikubali --help na --version.

Herufi moja haitegemeki. Wengi hudhani -h ni msaada, lakini kwa df huonyesha ukubwa wa diski kwa vipimo vinavyosomeka kirahisi, na kwa shutdown katika Linux huzima kompyuta. Ni salama zaidi kuandika neno zima.

Programu za Unix hutii kimya kimya. cp huandika juu ya faili la zamani bila kuuliza, na rm hufuta bila kupitisha kwenye pipa la taka. Zote mbili huuliza kwanza zikipewa -i, na anayejifunza heri aizoee mapema.

Saa na lugha

Kwa msomaji wa Unguja, chaguo-msingi linalokosesha zaidi ni la saa. Katika crontab, tarakimu ya kwanza ni dakika na ya pili ni saa, kuanzia 0 hadi 23. Anayetaka nakala za akiba zitengenezwe saa mbili usiku akiandika 0 2 * * *, kazi itafanyika saa nane usiku. Alipaswa kuandika 20. Seva ikiwa imewekwa kwenye UTC, kama zilivyo nyingi, ataandika 17. Zanzibar haina jina lake katika orodha ya maeneo ya saa, hivyo huchaguliwa Africa/Dar_es_Salaam.

Lugha hufuata kigezo LANG au LC_ALL. Amri LC_ALL=sw_TZ date +%A hutaja siku kwa Kiswahili, mfano Jumatatu. Kama sw_TZ haijasakinishwa, jibu huja kwa Kiingereza bila onyo lolote. Amri locale -a huorodhesha zilizopo. Maandishi ya --help yenyewe, hata hivyo, kwa sehemu kubwa bado ni ya Kiingereza, ingawa Kiunguja ndicho msingi wa Kiswahili sanifu.