Dhahabu au jiwe tu? Tabia za metali na zisizo metali

Sekenke, wilayani Iramba mkoani Singida, dhahabu inachimbwa tangu enzi za Mjerumani. Mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, Wajerumani walitumia dhahabu ya Sekenke kutengeneza sarafu ya rupia 15 kule Tabora, ile yenye picha ya tembo. Iliwezekana kwa sababu dhahabu ni metali: unaigonga, inatanuka na kushika umbo bila kupasuka.

Hiyo ndiyo siri ya kumkwepa tapeli. Kuna jiwe la njano linaloitwa pairaiti, maarufu kama dhahabu ya wajinga. Ni muungano wa chuma na salfa. Kwa kung'aa, kumbe linaweza kuishinda hata dhahabu yenyewe! Weka punje juu ya chuma, gonga na nyundo. Dhahabu italala bapa, pairaiti itasagika unga. Likwaruze kwenye kigae kisichong'arishwa: dhahabu huacha mstari wa njano, pairaiti huacha mweusi wenye ukijani.

Uzito nao unasema. Lita moja ya dhahabu ina kilo 19.3, chuma 7.9, pairaiti kama 5, na lile jiwe jeupe la kwatzi 2.65 tu. Ndiyo maana ukizungusha karai, mchanga unaondoka na maji na dhahabu inabaki chini.

Zisizo metali ngumu, kama salfa, kwa kawaida hazing'ai, ni nyepesi na ukizigonga zinavunjika. Nyingine ni gesi, mfano oksijeni na klorini. Salfa huyeyuka kwenye nyuzi 115 hivi, dhahabu mpaka 1,064. Metali hupitisha joto na umeme vizuri, zisizo metali nyingi hazipitishi.

Lakini usikariri tu, maana zipo zinazovunja sheria. Kinywe, kama kile cha Mahenge, ni kaboni, yaani si metali, ila kinapitisha umeme. Almasi nayo ni kaboni, na ni ngumu kuliko metali yoyote.

Halafu kuna zebaki. Hii ni metali, ila ni kimiminika kwenye joto la kawaida. Wachimbaji wadogo huitumia kunasa punje za dhahabu, kisha huchoma mchanganyiko. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Hapo ndipo pabaya: mvuke huo hauonekani wala haunuki, unaharibu mishipa ya fahamu na figo, na kwa mama mjamzito unamfikia mtoto tumboni. Wapo wanaochomea kwenye jiko la nyumbani, tena sufuria ileile inapikiwa ugali jioni. Kipo chombo cha chuma kilichofungwa chenye bomba, kinachopooza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Kinatumika nje, mbali na watu, na zebaki iliyopatikana inatumika tena.