Nusu gunia mgongoni

Nilipofika Lumakanda, Kukhu alininyooshea mkono kabla hata hatujasalimiana vizuri. "Mjukuu wangu, hii kitu inasema aje leo?" Ilikuwa saa ya kupima mapigo, zawadi ya binamu yangu wa Nairobi. Ilisema 84. Tukafurahi, tukanywa chai.

Hamu ya kusoma moyo wa mtu aliye mbali ni ya zamani. Mashine ya Willem Einthoven ya kuchora umeme wa moyo, pale Leiden, Uholanzi, ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi. Mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Kuipeleka wodini haikuwezekana, basi mwaka 1905 Einthoven akazivuta ishara za moyo kwa waya wa simu, kilomita moja na nusu, hadi maabara yake.

Miaka ya 1940, Norman Holter wa Montana, Marekani, akaibeba mashine mgongoni. Kilo 38! Sisi watu wa Lugari tunaelewa haraka: karibu nusu gunia la mahindi. Holter alitaka kuufuata moyo ukiwa kazini, maana ukilala kitandani hausemi yote. Transista zikaja, mzigo ukapungua, na hadi leo kuna kifaa chenye jina lake kinachovaliwa siku moja au mbili. Mwaka 2018, saa ya Apple nayo ikaanza kuchora umeme wa moyo.

Lakini moyo wa Kukhu umechoka kusukuma damu, na moyo ukichoka hivyo maji hubaki mwilini. Mapigo yanaweza kuonekana sawa huku miguu inajaa. Wiki ile, kumbe slipa ndizo zilisema kwanza. "Zimekuwa ndogo," Kukhu alisema, akicheka. Nami nikacheka. Siku mbili baadaye alikuwa analala ameketi, pumzi haitoshi, tukatafuta gari la kwenda Eldoret usiku.

Daktari aliitazama saa kidogo tu, kisha akauliza kama tuna mizani. Hatukuwa nayo. Apimwe kila asubuhi kabla ya chai, akasema. Akiongeza kilo 2 ndani ya siku 3, mpige simu.

Sasa Senge huandika uzito kwenye daftari, kisha ananitumia meseji. Leo ni 61.4, jana 61.2. Saa bado Kukhu anaivaa, Jumapili, akienda kanisani.