Mapaja ya mama na kiti cha mtoto

Wengi wetu tukienda Kigali hushuka Nyabugogo mtoto akiwa mapajani, tukiamini hapo ndipo salama kuliko popote. Hata Marekani waliamini hivyo. Tennessee ndilo jimbo la kwanza kule kulazimisha kiti cha mtoto garini, mwaka 1978, lakini sheria iliacha mwanya: mtoto akipakatwa na mkubwa, basi. Mwanya ukazibwa 1981. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga, mtoto wa kilo 10 huvuta kama mzigo wa kilo mia kadhaa. Mama gani ataushika?

Uswidi walitangulia. Daktari Bertil Aldman aliona wanaanga wakilala chali roketi ikipaa, mgongo ukipokea nguvu yote. Mwaka 1964 Volvo wakajaribu kiti kinachomtazamisha mtoto nyuma, maana kichwa chake ni kizito na shingo bado laini.

Wewe uliyepata safari ya ng'ambo, kiti hicho utakikuta kwenye gari litakalokupokea. Mtoto atalia, usimtoe gari likienda. Na sisi wa basi: mshushe mgongoni kabla hujaketi, wala mkanda mmoja usiwafunge wote wawili. Uzito wako ndio utakaombana.